Umbali Hauna Upande

Bogotá, 1 Julai

Mama mpendwa,

Baraka yako, mama. Natumaini barua hii itakukuta mzima, presha imetulia na lile goti lako halijaanza kutabiri mvua. Mimi sijambo, ila baridi ya huku itanimaliza.

Nakuandikia kwa karatasi kama watu wa zamani kwa sababu nasikia vijana wa Catire, yule bwana wa genge anayejiona mfalme wa kilima chetu, bado wanawasimamisha watu pale ngazini na kusoma simu zao. Bi Coromoto amekubali kubeba barua zetu pamoja na dawa anazopeleka huko kila wiki. Akifika mpe kahawa, na usimwulize mambo ya ndoa yake.

Sasa cheka. Chuo cha biashara kimenipokea kwa shahada ya uzamili, lakini kwanza nipite darasa la aljebra. Nikifeli, nafasi imekwenda. Mimi niliyesoma historia ili nisikutane na X tena maishani! Wenzangu nao ni wakimbizi wa hesabu: daktari wa meno, mtangazaji wa redio, mwanasheria. Mwalimu wetu, profesa Barragán, ana ulimi wa wembe. Jana alimwambia mwanasheria, "Wewe X humtafuti, unamwombea dhamana."

Tumeanza na mwendo, muda na umbali. Ukivijua viwili, cha tatu hakina pa kujificha. Mwambie mdogo wangu Cheo nimetoa mfano wa kasi yake akishuka ngazi zetu, na profesa akasema huyo si kijana, ni ndoo iliyomponyoka mtu. Mwambie pia arudi sekondari akamalize, la sivyo nitakuja kumchapa mwenyewe.

Mwanao,
Yusmary


Caracas, 9 Julai

Mungu akubariki, mwanangu. Kaa chini kwanza.

Wamemuua Cheo. Ilikuwa Ijumaa jioni, anarudi kutoka kwenye tanuri la mikate. Umeme ulikuwa umekatika, nami nilikuwa napika maharage. Nikasikia watu wanazozana ngazini. Sauti ya mwenzake ilikuwa ya chini, sikuitambua. Ya Cheo niliisikia wazi: "Sitaki. Nimesema sitaki." Kisha risasi.

Nikajitupa sakafuni kama tulivyozoea, nikaanza Baba Yetu. Mtu alikuwa anakimbia. Nilipofika amina nikasikia mlango wa chuma unabamizwa, halafu kimya.

Nilimkuta amelala kichwa chini miguu juu. Taya lake lilikuwa limeng'oka upande mmoja. Mikono ilikuwa bado na unga, na damu ilikuwa imeukanda ule unga ukawa kama donge. Nilimfunga taya kwa kitambaa changu cha kichwa ili afanane tena na mwanangu.

Mazishi alilipia Catire. Vijana wake walipiga risasi hewani na kuzungusha pikipiki mpaka padri akaziba masikio. Yorman, mtoto wa jirani Zuleima, alibeba jeneza mbele, analia kamasi zinamtoka. Baadaye Catire akanikumbatia, akaniambia, "Doña Edelmira, hapa kilimani polisi ni mimi na jaji ni mimi. Wewe nipe jina tu. Jina likitoka kinywani mwa mama, mimi siulizi mara mbili."

Mimi sina jina. Nina shati lake, na sijalifua. Usije, mwanangu, wanawapora na kuwaua watu mpakani. Baki huko usome.

Mama yako


Bogotá, 17 Julai

Mama,

Baraka yako. Sijui niulize afya gani. Nimevunja kioo cha bafuni kwa ngumi na naandika kwa mkono uliofungwa bandeji, kwa hiyo nivumilie mwandiko.

Nililia siku tatu. Ya nne nilikaa mezani, nikafungua daftari la darasa. Wewe mwenyewe umenipa vyote, mama. Muda ni Baba Yetu moja. Nimeisali kwa haraka yako ile ya hofu, saa mkononi. Mwendo naujua, ni wa kijana anayeshuka ngazi zetu mbio, maana Cheo nilikuwa nampima tangu mdogo. Nimezidisha, nikarudia, nikarudia tena. Jibu linaangukia pale pale: mlango wa chuma wa kina Yorman, kando ya uwanja wa mpira.

Ndiyo, Yorman. Najua wewe ni madrina wake, mama yake wa ubatizo, ulimpakata siku ile kanisani. Lakini siku za kanivali nani alimvunja Cheo jino kwa sababu ya yule binti wa duka la samaki? Nani alisema mbele ya uwanja mzima, "Nitakuua wewe"? Na machozi ya mazishini ni rahisi, mama, hata mamba analia.

Mtaje. Nataka apigwe taya lile lile. Nataka Zuleima naye atafute kitambaa cha kichwa. Mungu anisamehe, au asinisamehe, kwa sasa ni mamoja.

Mwanao,
Yusmary


Caracas, 25 Julai

Mungu akubariki, mwanangu, na aupoze huo moyo.

Barua yako nimeisoma nikaificha kwenye kopo la kahawa. Tangu siku hiyo silali. Jana Yorman alikuja kunitengenezea paa linalovuja, bila kuitwa. Aliingia na neno lake lile la kila siku, "Baraka, madrina," nami nikamjibu kama ninavyomjibu tangu akiwa na meno mawili. Nilimtazama mikono. Ina misumari na lami, basi. Mimi sijui muuaji ana mikono ya namna gani.

Hapa mambo yamechacha. Juzi vijana wa Catire walimburuta fundi viatu mpaka uwanjani, wakamvunja vidole kimoja kimoja kwa nyundo yake mwenyewe, wakidai anapeleka maneno kwa kundi la bondeni. Walituamuru tufungue madirisha tuangalie. Watoto waliangalia, Yusmary. Kisha Catire akapita mlangoni kwangu akasema, "Doña, wewe unanifanya nionekane dhaifu. Jumamosi ya tarehe kumi Agosti nataka jina. Ukikaa kimya nitadhani unamficha mtu."

Mimi niliishia darasa la tatu. Wewe ndiye msomi, ndiye mwenye hizo hesabu zisizosema uongo. Nijibu neno moja: una hakika?

Mama yako


Bogotá, 1 Agosti

Mama, baraka yako.

Nina hakika. Hesabu haina urafiki na mtu. Profesa amenipa alama ya juu kuliko wote katika mwendo na umbali, hata mwanasheria ananiomba nimfundishe. Mtaje, na usimwonee huruma. Yeye hakumwonea Cheo.

Mwanao,
Yusmary


Bogotá, 7 Agosti

Mama mama mama,

Usimtaje. Kama barua hii imewahi, usimtaje! Nimempigia jirani Belkis tangu mchana, simu yake imezimwa. Yako najua vijana wa Catire waliichukua pamoja na ya Cheo. Nimemkimbilia Bi Coromoto kituoni, nimelikuta basi lake linawasha injini, naandika hapa nikiwa nimesimama.

Leo asubuhi profesa alichora ubaoni vijiti viwili vilivyosimama, X katikati. Akasema hiyo alama inauliza umbali tu kutoka sifuri. "Ni namba ipi iliyo umbali wa tano?" Nikawa wa kwanza kujibu: tano. Akaniangalia. "Na mwenzake?" Akajijibu mwenyewe: "Hasi tano, binti yangu. Umbali hauna upande. Anayeandika jibu moja ameuacha mlango wa pili wazi nyuma yake." Darasa likacheka. Mimi nilichukua daftari nikatoka mbio.

Nilijuaje kwamba alishuka, mama? Wewe hukuniambia. Uliniambia alikimbia. Nimempeleka chini mimi mwenyewe kwa sababu chini ndiko anakokaa mtu ninayemchukia. Sasa nimempandisha. Kupanda ni taratibu, kwa hiyo umbali ni mfupi zaidi. Juu ya nyumba yetu mlango wa chuma upo mmoja tu, na unajua wa nani. Siuandiki hapa.

Na Cheo alisema sitaki. Yorman angemtaka nini Cheo? Ni nani kilimani anayewaagiza vijana wabebe vitu, na hapendi kusikia sitaki?

Mwambie hujui jina. Jifanye mgonjwa, jifanye kichaa. Nakupigia magoti.

Yusmary


Caracas, 16 Agosti

Yusmary,

Barua yako ya kwanza ya mwezi huu ilinifikia Alhamisi. Ya pili, Jumatano iliyofuata. Katikati yake ilikuwapo Jumamosi.

Catire alikuja na vijana wanne. Nilikuwa nimevaa nguo nyeusi. Nilisema jina kwa sauti ndogo, akataka niseme tena ili wote wasikie. Nikasema tena. Akanibusu kwenye paji la uso.

Nilidhani watamfanyia huko mbali. Kumbe walimleta kwangu. Walimfunga mikono kwa waya mpaka waya ukazama kwenye nyama. Jicho moja lilikuwa limefumba kwa uvimbe, na miguuni hakuwa na viatu, wamempandisha ngazi zote kwa mateke. Zuleima alikuwa anakuja nyuma anapiga mayowe, kijana mmoja akampiga kitako cha bunduki mdomoni, akakaa chini anatema meno.

Walimpigisha magoti pale pale alipolala Cheo. Catire akaniambia, "Mtazame vizuri, doña, uhakikishe."

Nilimtazama. Yorman naye akaniinulia lile jicho moja. Nilidhani ataniomba nimwokoe, au atanitukana. Akasema, "Baraka, madrina."

Na mimi, mwanangu, kabla sijafikiri, kwa mazoea ya miaka yote ile, kinywa changu kikajibu chenyewe: "Mungu akubariki, mwanangu."

Hapo ndipo nilipojua si yeye. Nikapiga kelele, "Siyo! Siyo huyu! Mwacheni!" Catire akacheka kidogo, akasema, "Jina likishatoka, doña, halirudi." Akampiga risasi ya taya, kama ulivyotaka. Haikumuua. Alijinyonganyonga ngazini kama kuku aliyechinjwa nusu, sauti haitoki, damu inachuruzika mpaka kizingiti changu. Ya pili ndiyo iliyommaliza.

Vijana walitawanyika. Nilikuwa nimempakata, namfunga taya kwa kitambaa, umeme umekatika tena. Catire peke yake aliondoka mbio, kwa sababu ving'ora vya polisi vilikuwa vinasikika bondeni. Midomo yangu ikaanza Baba Yetu, sikuituma. Nilipofika amina, mlango wa chuma ukabamizwa.

Juu.

Kwa hiyo barua yako ya pili haikunifundisha kitu, ila nashukuru ulikimbia kituoni.

Usiniandikie tena kupitia kwa Bi Coromoto. Catire ameshamuuliza huwa anabeba nini zaidi ya dawa. Mtihani wako ufanye, upite, usome mpaka mwisho. Sikwambii hivyo kwa upole. Nataka ukae mbele ya vile vijiti viwili kila siku ya maisha yako.

Mimi kesho naenda kwa Zuleima. Hawezi kuongea bado, kwa mdomo ule, lakini masikio anayo. Nitamwambia jina lilitoka kwa nani, kisha nitamwambia lile la mlango wa juu, mbele ya wote watakaokuwa wamekuja kusali. Atakachonifanyia Zuleima ni haki yake. Atakachonifanyia Catire nakijua.

Umeona mwanzoni sijakubariki. Sijakunyima, mwanangu. Kila nikilifungulia mdomo neno lile linatoka na yule mtoto aliyepiga magoti. Baraka ile niliyompa yeye ndiyo ya mwisho niliyokuwa nayo.

Ni mimi,
Madrina wa Yorman