Kamera ya Baltazari, macho ya Tereza

Mshauri wangu mpendwa, Tumsifu Yesu Kristo. Nimekaa na jambo hili moyoni hadi limeota mizizi, naomba unisaidie kuling'oa. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, naishi Kamunyonge hapa Musoma, kazi yangu ni kupiga picha, nilirithi studio ndogo ya kaka yangu alipofariki na tangu hapo nimepigaga komunyo, kipaimara, harusi na picha za pasipoti za nusu ya mji huu, elimu yangu ni darasa la saba lakini mkono wangu watu wanausifu. Jina langu naomba ulifiche, mengine ukiyatoa gazetini sawa tu, labda yatamsaidia mwenzangu.

Shida yangu ni kamera. Kila mwaka akina mama wa parokia za huku kwetu, Musoma, Bunda, Butiama na Kibara, tunakuwaga na kombe la netiboli, na mpiga picha wake ni mimi. Mechi huandikwa saa tisa alasiri, lakini wewe unatujua, kwanza misa, halafu mgeni rasmi hajafika, akifika kila kwaya ina wimbo wake wa kumpokea, halafu risala, halafu na yeye anaijibu risala, kwa hiyo filimbi inapulizwa saa kumi na mbili kasoro, na robo ya mwisho wachezaji wanatafutana kwa sauti. Hapo kamera yangu inakuwa haina msaada tena. Mgeni rasmi anatoka safi hadi vifungo vya shati, ila magoli yote ni ukungu, mpira unaonekana kama moshi na mtu anakuwa na mikono minne. Mwaka juzi dada mmoja aliniuliza huyu aliyesimama nyuma yake pichani ni nani, nikamwambia ni wewe mwenyewe, ulikuwa unageuka.

Sasa nimejikusanyia akiba na njia ziko mbili. Kuna duka Mwanza wana kamera mpya kwenye boksi, ina waranti ya mwaka mzima na lenzi yake ndogo inakuja nayo. Halafu yuko Baltazari, zamani alikuwa Bunda akipiga picha za mpira kwa ajili ya magazeti, sasa amehamia Buswahili kulima, anauza bodi yake ya uwanjani, yaani kamera yenyewe bila lenzi, ile kubwa nzito, imechubuka hadi chuma kinaonekana na mpira wa kushikia umerudishiwa kwa gundi ya viatu. Anasema inaona gizani kama paka. Mume wangu Yusto anasema kitu cha mkononi hujui kinauzwa kwa nini, hakuna mtu anauza ng'ombe anayetoa maziwa. Na mimi, nikuambie ukweli, natamani ile mpya, maana nilipanga Padre aibariki Jumapili mbele ya waumini wote, sasa kweli nipeleke altareni kitu chenye gundi ya viatu? Nimesali novena, siku ya saba nikaomba ishara, na siku hiyo hiyo Baltazari akapiga simu mara mbili, nikaogopa kupokea, nikajua hili ni jaribu.

Kuna kingine, sijui kama kinahusiana. Mwaka jana, ili nipate walau goli moja la kuonekana, niliazima flashi. Ilikuwa nusu fainali, sisi Musoma na Kibara, tunawaongoza goli moja, muda umebaki wa kuhesabu kwa vidole, na mpira anao Tereza, mfungaji wao, mama wa miaka arobaini na tisa anayeuza dagaa, na akiwa karibu na nguzo hajawahi kukosa. Mimi nimepiga magoti chini ya goli. Akanyanyua mikono, nikabonyeza. Mpira ukapita pembeni, filimbi ikalia, wenzangu wakapiga vigelegele, na mimi nikapiga. Nilipofika nyumbani nikaiangalia ile picha, Tereza amefumba macho yote mawili na mpira bado uko mikononi. Niliichapa moja nikaiweka ndani ya kitabu changu cha nyimbo, kule kwenye za Kwaresima, sijamwonyesha mtu, hata Yusto.

Sasa Kibara wanasema Tereza macho yamezeeka, mwaka huu goli anapewa Happyness, binti wa juzi tu, na Tereza abaki kuwashikia maji. Nilikutana naye sokoni Bunda akaniambia, "Dada, labda wanasema kweli. Siku ile niliona weupe mtupu, nikadhani ni sukari." Nikamwambia pole, apime.

Kwa hiyo, mshauri, nichukue ya boksi au ya Baltazari? Kombe ni mwisho wa mwezi huu.

Mama Picha, Musoma

*

Milele amina, dada yangu.

Hiyo "kwa hiyo" yako imenichekesha, kisha ikaninyima raha. Umejaza kurasa tatu kwa kamera, na Tereza umempachika humo kama muuzaji anayeficha sato aliyelala tangu jana katikati ya fungu. Bahati mbaya mimi nimelelewa na mama muuza samaki. Fungu huwa nalinusia katikati.

Lakini umeuliza kamera, tuanze na kamera. Chukua ya Baltazari. Ile ya boksi na lenzi yake ndogo ni nzuri kwa komunyo ya saa nne asubuhi, watoto wamesimama wima wakiogopa kuchafua nguo. Giza halisomi waranti. Bodi kubwa ya uwanjani, hata ikiwa na makovu, ina sehemu pana ndani ya kupokelea mwanga, na ndicho unachokosa wewe saa ile mgeni rasmi anapomaliza kujibu risala. Akiba itakayobaki usiinunulie mkoba wa kamera. Nunua lenzi yenye mdomo mpana, hata kama haivuti mbali. Unapiga magoti chini ya goli, unataka kuvuta nini?

Ila usinunue kwa simu. Nenda Buswahili mwenyewe, na usiende saa sita mchana jua linapomsifia kila muuzaji. Fika jioni, umwombe Baltazari awakimbize kuku wake, nawe uwapige. Mwendo wa kufyatua picha weka wa sehemu moja ya mia tano ya sekunde na usiushushe, mengine iachie kamera ijitegemee. Picha ikitoka na chenga chenga, hiyo ni picha. Ikitoka na kuku mwenye mabawa sita, rudi nyumbani. Piga na ukuta mweupe uone kama kuna madoa. Lenzi ielekeze kwenye mwanga utazame kuvu, maana sisi watu wa ziwani tunafungiaga vitu kabatini hadi vinaota. Muulize imeshapiga picha ngapi, kamera huiweka hesabu hiyo ndani yake. Akianza kukohoa, kunywa chai yake, aga. Akijibu vizuri, andikishaneni mbele ya shahidi kwamba unaijaribu wiki mbili.

Shemeji Yusto mwambie hivi: mtu hauzi ng'ombe wa maziwa, ila akihama huuza. Huyo amehamia shambani. Na simu mbili siku ya saba ya novena si jaribu wala ishara. Alipiga ya pili kwa sababu hukupokea ya kwanza.

Kuhusu baraka, Padre wako anabariki pikipiki zilizoanguka mara tatu. Na sisi wenyewe tunaopanga mstari kwenda altareni, dada, nani hana gundi mahali?

Flashi irudishe kwa mwenyewe leo. Haimulikwi usoni mwa mfungaji, awe wa Kibara au wa kwenu. Picha za michezo za jioni hupigwa kwa mwanga uliopo. Mwanga ukiwa mdogo, wahimize waandaaji wafupishe risala. Hilo nalo liombee novena.

Sasa tuje kwenye samaki wako.

Sisemi ulikusudia. Ulitaka goli moja lionekane, ukabonyeza, basi, ni bahati mbaya. Vigelegele navyo nakusamehe, timu ilikuwa yako. Lakini kumtazama usoni mtu uliyempofusha wewe na kumwambia akapime sukari, hapo hapakuwa na flashi wala giza. Ilikuwa mchana kweupe, sokoni, na akili zako timamu. Hilo kaliungame, na usilipunguze.

Na kuungama peke yake hakumrudishi Tereza golini. Toa ile picha kwenye nyimbo za Kwaresima. Hujaona ulicho nacho? Miaka yote unalia ukungu, na picha moja ya mchezo iliyokutoka safi, kila kidole kinahesabika, ndiyo hiyo umeifungia. Kibara wanabishana kuhusu macho ya mtu, na ushahidi unao wewe. Nenda nayo. Mwonyeshe Tereza kwanza, mkiwa wawili, useme, "Weupe ule ulikuwa mimi." Akinyamaza, na wewe nyamaza. Akikufokea, pokea. Kisha nendeni pamoja kwa viongozi wa timu, waione. Wenzako wa Musoma watanuna kidogo. Wanune. Kombe la mwaka jana halirudi, nafasi ya Tereza bado inarudi.

La mwisho. Uliomba nifiche jina, nimelificha. Lakini mpiga picha mwanamke, wa Kamunyonge, aliyerithi studio ya kaka yake, mume wake Yusto, nafikiri ulipokuwa unaandika ulijua unachofanya, na sehemu yako nzuri ndiyo iliyoshika kalamu. Gazeti hili linafika Musoma Ijumaa, Bunda Jumamosi, Kibara Jumatatu, juu ya magunia. Kamera ya Baltazari itangoja. Wewe una Jumamosi na Jumapili.

Usijidanganye kwamba atahitaji wa kumsomea. Macho ya Tereza ni mazima, na wewe ndiye unayejua kuliko wote.