Kennedy Yupi?

Jumapili, 1 Machi 2026

Siku ya tatu na bado mkono unakataa kuliandika. Haya. Ken amefariki. Ijumaa, kazini kwake huko Minnesota, akiwa amesimama anapiga soga na wenzake. Moyo. Miaka arobaini na saba! Kaka yangu Kennedy.

Na Mama hajui. Yuko chumba cha pili anapiga pasi na kuimba.

Kaka mkubwa, Lincoln, aliye Kisii, ameshaamua: Mama asiambiwe. Jumanne tarehe 17 anawekewa betri ya moyo. Daktari alinieleza mimi mwenyewe kwamba moyo wake ukipata mshtuko kabla ya hapo unaweza kusimama. Na tunamjua Mama. Akiambiwa, hiyo betri hataitaka tena, atadai tiketi ya ndege siku hiyo hiyo. Basi betri kwanza, kilio baadaye. Mazishi ni Ijumaa tarehe 20, nyumbani Kisii. Lincoln akauliza kama nimeelewa. Nikasema sawa. Mimi ndiye ninayelala chini ya dari moja naye, na nikasema sawa!

Uongo wa kwanza nimeshautoa leo leo. Baada ya kanisa nilikuwa nakanda chapati, Lincoln yuko kwenye spika. Anasema Kennedy alikufa papo hapo, hakuteseka. Nageuka – Mama mlangoni.

"Kennedy yupi amekufa?"

Nikaizima simu kwa mikono yenye unga. Nikasema: "Rais, Mama. Rais Kennedy wa Amerika. Ni mambo ya mdahalo wa Gakii."

Akanitazama. Akasema, "Na Lincoln tangu lini anajua historia?" Akarudi kwenye pasi yake.

Jumatatu, 2 Machi

Mdahalo upo kweli, ndio ulioniokoa. Darasa la Kiswahili la Jumamosi kule Agincourt, hapa hapa Toronto, la mwalimu Chelagat. Mada yake ya kwanza ilikuwa kati ya maisha ya mjini na ya mashambani yapi bora. Watoto walikataa katakata – mashambani wapi, wamezaliwa Toronto! Wakataka rais gani wa Marekani alikuwa bora kuliko wote. Chelagat akakubali ili mradi waongee Kiswahili.

Gakii alipangiwa Lincoln. Jioni nikamwomba abadilishane na mwenzake, achukue Kennedy. Ili nyumbani jina hilo likitajwa kuwe na sababu. Binti yangu ana miaka kumi na minne, tulishamwambia ukweli. Akanijibu kwa Kiingereza, taratibu, kwamba ninamtumia mjomba wake aliyekufa kama kazi ya shule. Lakini amekubali.

Baba angecheka. Alikuwa na miaka kumi na mitano mwalimu wake alipopata nafasi ya kwenda kusoma Amerika, zile ndege za wanafunzi ambazo Kennedy alisaidia kulipia kabla hajawa rais. Baba alibaki Kisii na hamu yake. Akazaa mtoto wa kwanza, Lincoln. Wa pili, Kennedy. Wa tatu alishaandaliwa Roosevelt, nikatokea mimi. Nikaitwa Kemunto, na Baba akaacha siasa.

Jumatano, 4 Machi

Nimetoka shifti, miguu inawaka. Lifti ilipofika ghorofa yetu ikafunguka, ikafungwa, ikafunguka tena. Hakuna mtu. Ken alipokaa nasi ule msimu wa baridi alikuwa na tabia hiyo, anazuia mlango kwa mguu huku akimalizia hadithi yake. Nikasema "Ken, acha!" Kwa sauti! Mwanamke mmoja mwenye toroli ya sokoni akanitazama na kusogea mbali nami.

Bibi yetu alikuwa akisema aliyekufa bila kuliliwa na mamake hatulii, anazunguka nyumba akitafuta mlango. Mimi ni nesi. Mimi ni Mkristo. Siyaamini hayo. Lakini tangu juzi nakohoa kabla ya kuingia sebuleni.

Na kuna jambo baya zaidi. Kila jioni saa kumi na mbili Mama humtumia Ken ujumbe wa sauti. Hula chakula, huvaa miwani, hubonyeza, huanza: "Ken, mwanangu." Tangu Ijumaa tiki zilikuwa za kijivu. Leo ananionyesha simu kwa furaha. Za buluu. Zote tano!

"Amesikiliza," anasema. "Ana shughuli tu."

Kisha nikaenda bafuni nikampigia wifi yangu kule Minnesota. Ndiyo, simu anayo yeye. Ndiyo, alifungua. Akaniambia nyumba imejaa watu wanaosema "marehemu", alitaka kumsikia mtu mmoja anayemwita Ken kama yupo. Tukalia sote wawili, mimi nikiwa nimefungua bomba la maji ili Mama asisikie.

Nikamsihi asifungue tena. Hakuahidi.

Alhamisi, 5 Machi

Buluu tena.

Jumapili, 8 Machi

Saa zimesogezwa mbele leo, kama wafanyavyo huku kila Machi, tumechelewa kanisani. Kennedy yuko kila mahali humu ndani. Kwenye friji kuna karatasi yake, mezani picha yake, Gakii anamtangaza mbele ya kioo: alizaliwa lini, alisema nini, aliuawa vipi. Mimi nikisikia "Kennedy aliuawa" nasimama kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni. Gitonga, mume wangu, anasema tumwambie Mama tu, liwalo na liwe, huu ni ukatili. Nikamuuliza, na moyo wake ukisimama hapa sebuleni utaukanda wewe? Akavaa koti akaenda kutembea.

Mchana Mama akaitisha hotuba ya Gakii. Miaka thelathini na mbili alifundisha darasa la sita, kalamu nyekundu haimtoki mkobani. Akasahihisha ukurasa mzima. Akaongeza "Hayati" kabla ya kila "Kennedy". Heshima, akasema, kiongozi aliyekufa haitwi hivi hivi kama mtu wa duka la jirani. Hayati Kennedy, Hayati Kennedy, Hayati Kennedy, kwa wino mwekundu, kwa mwandiko wake ule mzuri. Sikuweza kuitazama ile karatasi.

Gakii akamwambia amegundua kitu cha ajabu: Lincoln na Kennedy wote wawili walipigwa risasi siku ya Ijumaa.

"Ijumaa," Mama akasema.

Kisha akauliza kama huyo Kennedy alikuwa na mama. Gakii akatafuta kwenye simu. Alikuwa naye, tena aliishi miaka mingi baada ya mwanawe.

"Na wa Lincoln?"

Alikufa Lincoln akiwa mtoto wa miaka tisa.

"Huyo alibahatika," Mama akasema. Akafunga kalamu. "Na huyo mwingine, nani alimwambia?"

Gakii akasema hajui, haijaandikwa hapo.

"Itafute. Risasi kila mtu anazijua. Mtu aliyekwenda kumwambia mamake ndiye ninayemtaka mimi."

Gakii akanitazama. Naapa mtoto huyu atanichukia. Nikainuka nikaenda kukunja nguo zilizokwisha kukunjwa.

Jumanne, 10 Machi

Jana na leo Mama hajatuma ujumbe. Saa kumi na mbili ikafika, ikapita. Nikamuuliza kwa mzaha kama amegombana na kipenzi chake.

"Simu imeharibika."

Nimeichukua alipokwenda kuoga. Ni nzima kabisa.

Nikafungua ule wa mwisho, wa Jumapili. Najua ni vibaya. Ni mrefu, dakika sita. Hasemi kitu karibu wakati wote. Unasikia pumzi yake, na friji yetu, na Gakii kwa mbali anajizoeza. Kisha mwishoni kabisa, kwa Kikisii, polepole: "Wewe unayesikiliza, kula chakula."

Wewe unayesikiliza! Hakutaja Ken. Nimeisikiliza mara tatu. Labda ni maneno tu. Mama humwambia kila mtu ale chakula.

Nimemwandikia Lincoln: nadhani anajua. Akajibu kwamba angekuwa anajua angepiga ukelele jengo zima lisikie, tunamjua Mama. Nisiharibu mambo, zimebaki siku saba. Njia ya mwongo fupi, nikamwandikia. Akanijibu kwa alama ya mikono inayoomba. Hivyo tu.

Alhamisi, 12 Machi

Amekula nusu ya ugali. Presha yake iko juu kuliko juzi. Nimempima mara mbili, akauliza inasema nini. Nikamdanganya hata hapo.

Ninaogopa nyumba yangu mwenyewe. Ninaogopa kiti kile cha dirishani alichokuwa akikaa Ken, kwa sababu Mama ameanza kukiacha wazi. Anasimama, kiti kipo.

Jumamosi, 14 Machi

Naandika jikoni mwa ukumbi, Agincourt. Nimewaambia nakuja kutazama chai. Chai imeshachemka zamani. Naandika mbiombio, sijui kama nitausoma mwandiko huu.

Nianze mwanzo. Ukumbi ulijaa, wazazi na watoto, labda watu sabini. Sikutaka Mama aje. Alivaa tangu asubuhi, kitambaa chake cheupe na viatu vya kanisani, akakaa kwenye gari kabla yetu. Chelagat akamkalisha mbele kabisa – mwalimu mstaafu, nyanya wa wote, yeye ndiye atakayetoa uamuzi! Nikasema presha yake, asisumbuliwe. Mama akasema presha ni yake.

Mikail ndiye aliyemtetea Lincoln. Wazazi wake ni Waismaili wa Dar, Kiswahili chake safi mpaka nikaona wivu. Aliwafungua watumwa, aliizuia nchi isikatike vipande viwili, nani mwingine? Makofi. Fabrice, jirani yetu Mkongomani, akapaza sauti kutoka nyuma kwamba kwa nini tusishindanishe marais wetu wenyewe. "Tutapigana!" akajibiwa, watu wakaangua kicheko.

Kisha Gakii. Alianza vizuri. Ndege za wanafunzi, babu yake aliyebaki akizitamani, kijana aliyewafanya watu waamini wanaweza. "Hayati Kennedy alikuwa mcheshi. Hayati Kennedy alikuwa..." Akakwama. Hiyo haikuwa sentensi ngumu. Akaikodolea macho ile karatasi ya wino mwekundu na machozi yakamtoka, mbele ya watu wote. Wakadhani ni ufundi wa hotuba! Wakampigia makofi kuliko Mikail. Mama peke yake hakupiga.

Chelagat akampa Mama kipaza sauti. Alisimama bila mkongojo. Akawasifu watoto wote wawili kwa majina, kama zamani darasani. Akasema yeye si mwamuzi wa haki, kwa sababu Lincoln na Kennedy amewazaa yeye. Vicheko! Wakenya wote wanalijua hilo, kila ukoo una Clinton wake. Nami nikacheka. Nilicheka, Mungu anisamehe, nilidhani tumevuka.

"Kwa hiyo sitachagua," akasema. "Ila nina swali moja kwa upande wa Kennedy."

Gakii akafuta uso, akasimama wima.

"Anazikwa lini?"

Ukumbi ukacheka kidogo, kicheko cha adabu. Mikail akainua mkono, mtoto mwenye heshima, akamsahihisha taratibu: "Alizikwa, nyanya. Zamani. Mwaka elfu moja mia tisa sitini na tatu."

Miaka thelathini na mbili ya darasa la sita. Mama hakosei Kiswahili.

Hakumtazama Mikail wala Gakii. Aligeuza shingo taratibu, safu kwa safu, mpaka akanipata mimi nyuma kwenye meza ya vikombe. Hakupiga ukelele. Uso wake ulikuwa mkavu. Nilichokiona si hasira, afadhali ingekuwa hasira. Ulikuwa uso wa mtu ambaye amekuwa akinisubiri siku nyingi, akanipa nafasi baada ya nafasi, na kila mara nikaenda kukunja nguo.

Na mimi nikafanya nini? Nikasema "chai," nikaingia huku.

Jumanne ni baada ya siku tatu tu. Ijumaa ni ile. Nikitoka na kumjibu, atadai ndege, na moyo huo hautafika Nairobi. Nisipotoka – lakini anajua! Analibeba peke yake, ndani ya moyo ule ule tunaosema tunaulinda. Amelibeba tangu lini? Tangu Jumapili ile ya unga mikononi mwangu?

Kuna kidirisha cha kupitishia vyakula. Namwona kutoka hapa. Gakii ameshuka jukwaani, amesimama kando yake, amemshika kiwiko. Watu wameanza kunong'ona. Gitonga anakuja upande huu, amenikazia macho. Chelagat anatabasamu, ananyoosha mkono apewe kipaza sauti, ratiba iendelee.

Mama hampi. Anasema, na spika inaileta sauti yake mpaka huku jikoni, kwamba anaomba radhi kwa wageni, lakini swali lake halijajibiwa.