Ukuta wa Kufutia Brashi

Chumba cha Rangi,
Nyuma ya Soko la Vyuma,
9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Kifua kimekuachia? Mimi mguu unauma lakini mkono mzima, na shemeji yako hajambo, kaninunia tu. Barua hii naandika mwenyewe. Shule sikumaliza, lakini kwa herufi nzuri hakuna wa kunishinda, unaziona.

Kazi imekufa, ndugu yangu. Mabango siku hizi yanatoka kwenye mashine, plastiki tupu. Vile vichwa nilivyowachorea vinyozi wameving'oa vyote, hata kile cha kinyozi wa kona, ambacho wateja walikuwa wakikisalimia.

Sasa habari ya mwanao. Alipokuja kututembelea alikuwa anazunguka mitaani na simu, anapiga picha kutu ya geti, lami iliyomwagika, kivuli cha ngazi. Nikamcheka. Kisha akaingia kwangu, akayapa mgongo mabango yangu yote, akasimama mbele ya ukuta ninaofutia brashi tangu nifungue kazi, ule mchafu. Akasema hapo anaona mvua na watu wanakimbia. Akasema picha za simu zikikuzwa zinakuwa ukungu, kwa hiyo atarudi na kamera kubwa, na picha ya ukuta huo ndiyo itakayotangulia kwenye maonyesho yake ya kwanza.

Mimi nimwache mtoto wa ndugu yangu aaibike na uchafu mbele za watu? Shemeji yako alinikataza, sikusikia. Nikaupiga ukuta rangi nyeupe, mkono wa kwanza, mkono wa pili. Nikachora simba na maporomoko ya maji, jina langu chini kwa herufi zenye kivuli. Fundi cherehani jirani alisema simba anapumua. Na kweli anapumua.

Mwanao akaja, akasimama mlangoni, kamera hakuitoa. Nikamwambia, "Piga sasa, mwanangu, hapa ndipo penye kazi."

Akasema, "Baba mkubwa, ule ulikuwa wewe. Huyu ni simba tu."

Akaondoka. Simu yangu hapokei.

Usinishauri nimwombe radhi, simba ni mzuri. Ila mwambie apokee. Maisha yangu yote nimetia jina kila nilichochora, na vyote vimeng'olewa. Palipobaki pa kunionyesha nimepapaka rangi mwenyewe, tena rangi ya bei ghali.

Asubuhi nashika brashi nafuta kwenye ukuta wa pili, natazama pembeni, najifanya nina haraka. Ile mvua haiji. Mkono unajua unangojewa. Mistari yote inanyooka.

Nisalimie mkeo, wale mapacha, na mama mkwe wako mkali. Mungu akukinge na baridi, akurudishe ukiwa bado na nguvu za kunigombeza.

Wako akupendaye,
Kaka yako, Mkono wa Dhahabu.