Nilimpiga Video Mama Mkwe, Uso Nikauacha

Mpendwa Bi Tatu, pole na kazi ya kusoma shida za watu. Naomba unisaidie mawazo, maana mimi na mke wangu tumeongea mpaka tumechoka na nyumbani panazidi kuwa pagumu.

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na mmoja, mkulima wa korosho na muhogo hapa Nanyamba, naishi ukweni kama ilivyo kawaida yetu, nyumba yangu na ya mama mkwe zinatazamana uwanja mmoja, na kwa miaka saba ya ndoa sijawahi kumtazama machoni wala kula naye wala kumtaja jina, nikimwona njiani napisha pembeni nainamisha kichwa mpaka apite, naye ananifanyia hivyo hivyo, lakini usidhani hatupendani, maana nikiugua uji wa kwanza unatoka jikoni kwake, ila anayeuleta ni Celia, mke wangu.

Mwaka huu nilipata nafasi kwenye mafunzo ya kupiga video kwa simu huko Mtwara mjini, kila Jumamosi, mwalimu wetu anaitwa Godfrey, akatufundisha picha ya mbali inayoonyesha mahali, ya kati inayoonyesha mtu na anachokifanya, na ya karibu inayoonyesha uso au mikono, akatufundisha kutulia kabla ya kuhamisha simu na kutovuta zumu ovyo, halafu akatupa kazi ya mwisho, kila mmoja alete video ya dakika tano ya mtu mwenye ujuzi wake, itaonyeshwa ukumbini siku ya kufunga na ndugu wataalikwa. Mimi moja kwa moja nikamchagua mama mkwe kwa sababu ni mfinyanzi, vyungu vyake vinajulikana mpaka kijiji cha Ziwani, Celia akaenda kumwomba, akakubali, na asubuhi ya siku yenyewe akatoka amevaa khanga mpya.

Hapo ndipo nilipoharibu, Bi Tatu. Nilishindwa kumsogelea, nikasimama nyuma ya jiko nikawa navuta zumu, picha ikawa ya chengachenga, nikapata mgongo, mikono, udongo, chungu kinavyonyanyuka, lakini kila alipoinua uso mimi niliinamisha simu kama ninavyoinamisha kichwa, mkono ulienda wenyewe. Mwalimu alipoitazama alisema mikono ni mizuri sana, lakini mwenye mikono yuko wapi, akanipa wiki mbili nirudie.

Kabla sijajua nirudieje, Celia akamwonyesha mama yake. Huyu mama alizaliwa ng'ambo ya mto Ruvuma na alivuka akiwa binti, tayari ameshachanjwa chale za kwao mashavuni na kwenye paji la uso, na anajua kuwa siku hizi vijana wa mjini wakiziona wanashangaa na wengine wanacheka. Aliitazama video mpaka mwisho, akamrudishia Celia simu, akauliza, "Uso wangu umekataliwa na mashine au na mkwe?" Celia akakosa la kumjibu. Toka siku hiyo mama anajifunika khanga mpaka puani, hata akiwa anapepeta uwanjani na wajukuu zake, na udongo wake umekauka kwenye beseni.

Mwenzangu wa mafunzo, Juma, alijitolea aje ampige yeye kwa kuwa si mkwe, mama akakataa, akasema alichokiacha mkwe mgeni asikichukue. Sasa nimebaki hapo. Nivunje mila nimsogelee, au nimtafute mtu mwingine wa kumpiga? Na je, kuutazama uso wake kwenye simu ni sawa na kumtazama yeye? Naumia kwa sababu mimi chale zake hata sizijui zilivyo, sasa nitazichekaje?

Mkwe, Nanyamba

Bwana Mkwe,

Pole. Sasa kaa vizuri nikuseme.

Kosa lako si kusimama mbali. Kusimama mbali ni adabu, na mama mwenyewe angekushangaa ungemwendea na simu mpaka puani. Kosa lako ni kunyamaza. Mila imekukataza kumtazama, haijakukataza kumtumia ujumbe. Miaka saba uji unavuka uwanja kwa mkono wa Celia, na maneno yangevuka vivyo hivyo. Ulijua kabla ya siku hiyo kwamba uso wake hutaupiga, ukamwacha atoke na khanga mpya. Nani anavaa khanga mpya ili apigwe mgongo? Kisha aliyeiona kazi kwanza akawa mwalimu, na mama ndiye akawa wa mwisho.

Na Celia nina neno naye. Wewe binti, mila unaijua, mume unamjua, na uso wa mama yako umeukulia. Mama kauliza swali la jibu moja tu, wewe ukabaki kimya. Kimya hicho ndicho kilichomfunika khanga.

Leo hii, kabla ya jua kuzama, Celia aende kwa mama yake na aseme hivi: "Mkwe hakuukataa uso wako. Hana ruhusa ya kuusogelea, na amekosa kwa kutokukwambia mapema." Aishie hapo. Asitaje ukumbi, asitaje wiki mbili za mwalimu. Mama aachwe na maneno hayo kwa muda anaoutaka yeye. Akisema hataki tena kupigwa, msimbembeleze. Nanyamba haikosi mtu anayejua kubebesha miche ya korosho, yaani kuiunganisha na kikonyo cha mkorosho bora, nenda ukampige huyo.

Akikubali, picha ya uso apige Celia. Usiniambie hajui. Wewe ulijifunza kwa Jumamosi chache, na yeye atajifunza kwako kwa siku tatu, aanze kwa kupiga ndoo mpaka mkono utulie. Mfinyanzi anakaa chini, kwa hiyo simu nayo ishuke, iwe usawa wa macho yake akiwa amekaa. Akimpiga kwa juu atamdogosha mbele ya watu. Ampige asubuhi, jua limwangaze usoni, lisiwe nyuma yake. Upande anaotazama uachwe na nafasi kidogo. Asiambiwe acheke, asiambiwe arudie. Zumu sahau kabisa, miguu ya Celia ndiyo zumu. Wewe piga ile ya mbali, ambamo mtu, nyumba na uwanja vinaonekana pamoja, kisha chukua jembe uende shamba, umwache mama na binti yake wafanye kazi.

Umeniuliza kama kumwona kwenye simu ni kumtazama. Bwana, mimi sijui, na mwalimu wako hajui. Aulizwe mwenye uso. Mpaka atakapojibu, kipande hicho cha uso akikate na kukiunganisha Celia, wewe kaa pembeni umwelekeze kwa mdomo. Inawezekana ukumbi mzima ukamwona isipokuwa wewe, na ukilazimika kuangalia sakafu wenzako wakitazama kazi yako, utaangalia sakafu.

Ikishakamilika, mtu wa kwanza kuiona ni mama. Si Godfrey, si Juma. Aione kwao, amekaa na binti yake. Akisema ipelekwe, ipeleke. Akisema uso ufutwe, Celia aufute hapo hapo mbele yake, hata kama ndiyo picha nzuri kuliko zote mlizowahi kupiga, na wewe ukamwambie mwalimu kwamba kazi yako ni ya mikono tu, na mwenye mikono ndiye aliyeamua.

Bi Tatu