Mkoba Unaofunguka Upesi

Mjukuu wangu Rukia,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Hapa Magogoni tu wazima, ila miguu yangu imechoka kunibeba. Nimeiona mikoba miwili ya kamera katika picha ulizoniletea, yote ya mtindo wa zamani, mmoja wa ngozi wa bizimu kama wangu, nawe wauliza ununue upi.

Ujanani nilipokuwa nikipiga picha harusi za wanawake, nilikuwa na mkoba mzuri wa ngozi, wenye bizimu mbili ngumu, vile vyuma vya kufungia kama vya mshipi. Mamangu hakupenda kupigwa picha maishani mwake. Siku moja harusini alikaa kando ya bi harusi, akaniambia, "Haya, nipige leo, kabla sijaghairi." Nikahangaika na zile bizimu. Nilipoitoa kamera, alikwisha kujifunika uso kwa buibui. "Basi, mwanangu. Siku nyengine."

Siku hiyo haikuja.

Nunua ule wa bei nafuu, wa ngozi bandia, wenye kifungo kimoja cha kubana. Ukichubuka, na uchubuke. Mamako mpaka leo huniuliza bibi yake alikuwa na sura gani, nami nimechoka kueleza uso kwa maneno.

Ni mimi bibi yako,
Mwanaisha