Skola Hakufungua Mdomo

Dada Osmunda,

Shikamoo. Najua marehemu hasalimiwi hivyo, lakini wewe ni mkubwa wangu, na kufa hakujakupunguzia umri. Nimechoka, dada. Nakuandikia nimekalia gunia la kahawa, miguu imevimba, na mgongo sijui kama bado ni wangu.

Tangu tukuzike ile Kwaresima, kazi zako zote zimeniangukia mimi. Kahawa yako imeiva vizuri mwaka huu, utadhani inanikomoa. Yule mbuzi wako mweusi amezaa. Na mwanao Skola yuko kwangu, anasoma, anafua, anakula kidogo, haongei. Hajalia tangu msibani. Miaka kumi na sita, anachambua kahawa kimya kutwa nzima! Namtazama roho inaniuma, nasema bora hata angenitukana.

Unalikumbuka lile igizo la nyimbo la mwalimu wa kwaya? La msichana wa ziwani anayepanda kuja kusoma sekondari huku Mbinga, wenzake wanamcheka kwamba ananuka dagaa. Wewe ndiye uliyemsukuma Skola aingie. Alifanya mazoezi ya wimbo wake jikoni kwako, nawe ukimpigia sufuria na kumwambia, "Toa sauti, usiimbe kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani."

Kumbe kuna mtoto alimrekodi kwa simu kabla hujaugua. Dada, ule wimbo umetembea! Kijiji cha Mapera wanao, cha Ruanda wanao, Mbamba Bay kule ziwani ndio usiseme. Watoto wanauimba bombani, wanauimba kwenye mashine ya kusaga, wanajifunga kitambaa shingoni kama huyo msichana wa kwenye igizo ambaye hata hawajamwona. Kazi kuulizana igizo ni lini, lini. Wengine walikuja mpaka uani kwangu kumwangalia Skola tu, wakasimama pale kama kuku wanaongoja mahindi. Nikawapa vikapu wachume kahawa. Wakachuma wakiimba, na nusu yake wakachuma mbichi. Nilitaka kulia.

Ndipo wifi yako Gaudensia akaja. Unamjua, haji bure. Tangu mumeo afariki, neno la ukoo analo yeye. Akakaa, akanywa maji, akasema mtoto wa marehemu haimbi mbele za watu mpaka misa ya mwaka isomwe na kaburi lijengewe. Na mimi mdogo wako vilevile nisiimbe. "Mkiimba sasa," akasema, "mnamsindikiza au mnamfukuza?"

Na si uongo. Mama aliishika desturi hiyo alipokufa baba. Wewe mwenyewe uliishika kwa mumeo. Mwaka mzima ulisimama kanisani midomo umeifumba, wewe uliyependa kuimba kuliko kula. Lakini nilikasirika. Nilikukasirikia hata wewe, dada, nisamehe. Nilisema, amekwenda kupumzika, ameniachia mimi kesi.

Mwalimu akataka kumpa binti mwingine ule wimbo. Weee! Watoto wakagoma, kama si Skola hawaji. Skola mwenyewe aliingia ndani, na chakula hakugusa siku hiyo wala ya pili yake. Nikaogopa. Nikaona huyu naye ananitoka hivi hivi, mbele ya macho yangu.

Basi nikaenda kwa wifi yako, nikapiga magoti, na haya magoti yangu unayajua. Akafikiri sana. Mwisho akasema, "Acheze. Ila mdomo ufungwe."

Mwalimu alishika kichwa. Igizo la nyimbo, na mwimbaji mkuu haimbi! Lakini angefanyaje. Akasema kwenye wimbo ule kinanda kitalia peke yake, Skola acheze tu, watu wavumilie.

Jumamosi ukumbi wa parokia ukafurika. Watoto wa Tingi walikuja na lori la mahindi, vumbi mpaka kwenye kope. Walikaa chini, walikaa madirishani. Wifi alishika benchi la mbele kabisa, mimi pembeni yake. Hakuja kutazama igizo huyo, alikuja kulinda mdomo wa Skola. Mwanao alipotokea na kapu la dagaa kichwani, zilipigwa kelele nikaziba masikio.

Ikafika zamu ya wimbo. Kinanda kikaanza. Skola akasimama katikati, midomo ameibana, na koo nikaliona linapanda na kushuka. Nikasema moyoni, Mungu wangu, tumemfanyia nini mtoto huyu?

Mara nyuma kule kikatoka kisauti cha msichana, chembamba, hakina uhakika. Akadakia mwingine. Kisha benchi lote. Kisha ukumbi mzima, dada, ukumbi mzima! Wanajua kila neno, wanajua mpaka pale anapovuta pumzi. Walisimama wote wamemwelekea yeye, wakamwimbia wimbo wake. Na Skola akacheza. Machozi yakaanza kumtoka, akaendelea kucheza, hata hakuyafuta.

"Mdomo haujafunguka," wifi akaninong'oneza, na sauti yake haikuwa imara. Sikumjibu, maana nilikuwa naimba. Mimi niliyekatazwa, tena nilidhani ule wimbo siujui. Aliniona. Akageuka akatazama mbele.

Njia nzima ya kurudi Skola alilia kwa sauti, watu wakatupisha. Sikumwambia basi, nyamaza. Nilimshika mkono, nikalia na mimi, nikalilia na uchovu wangu humo humo. Tulipofika akala sahani mbili, halafu akaniambia ugali wangu ni mgumu, wa mama ulikuwa laini. Nilifurahi jamani! Nikamwambia kesho ausonge mwenyewe. Kesho yake akausonga, ukawa uji, tukaula.

Watoto sasa wanataka igizo lirudiwe kule ziwani, na mwalimu amekubali, kichwa kimemvimba. Mimi nitakwenda tena, nifanyeje. Kahawa itaningoja.

Pumzika, dada yangu. Usihangaike na sisi, tunakula, tunagombana, tunaamka. Misa yako ya mwaka ikishasomwa na kaburi likishajengewa, nitamleta Skola hapo ulipo, auimbe wimbo wake wote kwa mdomo wake mwenyewe, na mimi nitakaa chini nimsikilize. Nakuahidi. Mpaka siku hiyo ifike, tutamwimbia sisi.

Mdogo wako,
Kolumba