Shangazi Bata Ametoa Siri ya Binti Yangu

Mpendwa Mama Mshauri, naomba unisikilize na usinicheke, maana wa kunicheka ninaye tayari nyumbani. Mimi ndiye mkono na sauti ya Shangazi Bata, kikaragosi wa kipindi cha watoto cha televisheni, nakaa chini ya meza mkono juu, shingo imepinda, naimba nyimbo za kunawa mikono na za kuhesabu, na watoto wanampenda Bata kupita kiasi, binti yangu wa miaka mitano akiwa wa kwanza, ila yeye anajua tu mama anafanya kazi televisheni, kwa kuwa kazini kwetu ni mwiko mtoto kumwona kikaragosi amelala mezani bila mkono.

Sasa mwanangu alikuwa mgumu kupiga mswaki, nikasimama nyuma ya mlango wa chumba chake nikaimba wimbo wa mswaki kwa sauti ya Bata, weee, alisugua mpaka nikamwonea huruma, basi nikanogewa, kuoga Bata, kula Bata, kulala Bata, mume wangu akawa ananitania, "Huyo bata analea kuliko wewe," nami nacheka. Mara mtoto akaanza kumsimulia Bata mambo yake kupitia mlango, nani kamsukuma shuleni, nani hataki kucheza naye, mambo ambayo mimi nikimuuliza ananijibu "hakuna," na siku moja akamnong'oneza kwamba amekojoa kitandani na shuka ameificha nyuma ya kabati, "Usimwambie mama, atanigombeza," nami kwa sauti ya Bata nikaapa sisemi, halafu, Mama Mshauri, harufu ya mkojo na uchovu wa kazi vikanipanda kichwani, nikaingia chumbani, nikaenda moja kwa moja kabatini, nikaivuta ile shuka na kumgombeza.

Hakulia. Aliniangalia, akauangalia mlango, akasema, "Shangazi Bata mwongo." Tangu hapo kipindi kikianza anatoka sebuleni, Bata wa mlangoni hajibiwi, mimi ndiyo kabisa, na shuka bado anazilowesha na kuzificha. Mtayarishaji wetu yuko tayari turekodi wimbo wa Bata akiomba msamaha kwa kutoa siri, mume wangu naye anasema hiyo ndiyo dawa. Je, nirekodi? Naogopa mwanangu asije akazoea kunyamaza.

Mama wa Bata

Mama wa Bata,

Nilianza kwa kucheka, nilipofika kwenye shuka nikaacha. Pole. Kulea kunachosha, na sijamwona mzazi asiyewahi kutumia hila ili mtoto ale. Kuimba mswaki nyuma ya mlango si kosa. Kosa lilianza mtoto alipofungua moyo, nawe ukabaki huko huko nyuma ya mlango ukisikiliza. Ukaapa kwa mdomo mmoja, ukagomba kwa huo huo. Njia ya mwongo ni fupi, mwenzangu, na yako iliishia kabatini.

Wimbo usirekodi. Bata wa watu kakosa nini? Watoto wa nchi nzima waimbe habari za shuka ya kwenu? Na mumeo mwambie dawa hiyo anywe mwenyewe. Mwanao akimwona Bata anaomba msamaha, atamsamehe Bata. Wewe utabaki pale pale.

Omba ruhusa kazini, mwiko wenu ukae kando siku moja, umlete Bata nyumbani mchana kweupe. Mvae mbele ya mwanao, aimbe kidogo, kisha mvue, mtoto atie mkono wake mwenyewe. Atakasirika, huenda akalia. Mwache alie. Halafu mwambie kwa sauti yako: "Ni mimi niliyeapa, na ni mimi niliyekugombeza. Nisamehe." Usiongeze "lakini." Tandika plastiki chini ya shuka, mfundishe kukuletea iliyolowa bila kesi, na hali ikiendelea mpeleke kwa daktari, maana kukojoa kitandani si ukorofi.

Jioni kaa kitandani kwake, muulize habari za shule. Atakujibu "hakuna." Usinune, usiondoke. Kesho yake muulize tena, kwa sauti yako hiyo hiyo iliyochoka. Hata akinyamaza wiki nzima, usimwite Bata.